Mstari Uliounguza Kioo

Sura ya Sita

Dada wa marehemu alikaa kwenye sakafu ya selo, miguu imenyooka mbele, vipande vya nyuzi za kushonea vimemganda kwenye sketi. Alikuwa ameduwaa vilevile kama jana walipomtoa kwenye cherehani yake na kumwambia kaka yake amekufa, na aliyemuua ni yeye. Chai aliyopelekewa asubuhi ilikuwa imeota utando.

Inspekta alichuchumaa mbele yake. Alikuwa mtu mnene, na magoti yake yalilia yote mawili kwa zamu.

"Hebu nisimulie tena, dada. Mara ya mwisho kumwona kaka yako, alikuwa anafanya nini?"

"Anacheka."

"Kwanza wewe ulifuata nini pale?"

"Televisheni ya marehemu mama. Miezi mitano iko kwake, afande. Kila nikienda, kesho. Jana nikasema hapana. Nikamwambia, leo nisipoondoka nayo nitakutoa roho."

"Kinyozi wa jirani aliyasikia hayo."

"Si nilipiga kelele! Asisikie ana nini? Lakini hayo nimemwambia kaka yangu tangu tunagombania kijiko. Yeye akasema, 'Tulia, usije ukapata presha bure. Nimeshaifunga, tazama.' Akaiwasha. Akaniuliza, 'Unaona nini?' Nikamwambia, wewe, mbona mtangazaji wa habari yuko kichwa chini? Yaani kidevu kiko juu, tai imepanda juu, ananing'inia kama popo! Kaka akanyamaza kidogo. Halafu akaanza kucheka. Akasema, 'Televisheni nzima hiyo, simama wewe kwa kichwa.' Nikaondoka."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo. Nilikuwa na mteja wa saa nne." Alimshika Inspekta mkono kwa ghafla. "Niliondoka nimenuna. Sikumuaga. Ndiyo mara ya mwisho, na sikumuaga."

Koplo, aliyesimama mlangoni na daftari lake, alikohoa. Nje ya selo alimnong'oneza mkubwa wake. "Afande, mkuu wa kituo ameshasaini jalada. Saa nane mchana gari la mahabusu linampeleka mahakamani, shtaka la kuua. Hii habari ya popo ndiyo imemmaliza. Mteja aliyeleta redio saa tano, yule aliyemkuta fundi sakafuni, anasema televisheni ilikuwa inawaka na haikuwa na mtu, wa kichwa chini wala wa kichwa juu. Ilikuwa na mstari mmoja mwembamba tu katikati, hafifu kama uzi mchafu. Sasa mwongo ni nani?"

Inspekta alitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

"Tukaiulize televisheni," alisema.

*

Duka la marehemu lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichokatwa katikati na pazia la bluu. Mbele kulikuwa na kaunta ya wateja na benchi la mbao. Nyuma ya pazia, chumba cha kazi. Rafu zilijaa televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Skrubu zilipangwa kwenye makopo ya maziwa, ndogo upande wa kushoto na kubwa upande wa kulia. Mtaani walimwita Fundi Miwani kwa sababu alivaa miwani miwili kwa pamoja, ya kusomea chini na ya giza juu, na akiulizwa alisema cheche za kulehemu zimemchosha macho.

Televisheni ya mama yao ilikuwa juu ya benchi la mbele, imevuliwa ganda, shingo ya kioo imeelekea ukutani. Hatua mbili nyuma yake kulikuwa na meza ya chuma yenye jiriwa ya kubania vyuma, na kwenye pembe ya jiriwa kulikuwa na damu iliyokauka. Kandambili moja ilikuwa bado chini ya benchi. Ya pili ilikutwa mguuni kwa marehemu, pale chini ya jiriwa.

"Mtu akiteleza," alisema Inspekta, "anaangukia palepale alipotelezea. Harushwi hatua mbili nyuma akaacha kiatu. Alisukumwa." Aliinama juu ya televisheni. "Na hii plagi ndogo, Koplo, wewe uliichomoa?"

"Hapana, afande. Mimi nilichomoa ya ukutani tu. Hiyo niliikuta inaning'inia."

Kilikuwa kiplagi cheupe cha plastiki, chenye nyaya mbili, na kilionekana kilitakiwa kuwa kimechomekwa mahali. Inspekta alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtuma Koplo ng'ambo ya barabara akamlete mshindani wa marehemu.

Mshindani huyo walimwita Fundi Antena. Alikuja anajifuta mikono kwenye suruali, mrefu, mwembamba, na tayari amekasirika.

"Najua mnataka kuniuliza nini. Jana kuanzia saa tatu mpaka saa sita nilikuwa juu ya bati la duka la dawa nafunga dishi. Mtaa mzima uliniona. Wengine walikuwa wananiombea nianguke."

"Mligombana na marehemu?"

"Miaka saba. Kazi zilizonishinda zilikuwa zinakwenda kwake, na zinarudi zimepona. Nani asigombane naye?" Alitulia. "Lakini juzi jioni alinifuata mwenyewe. Nilitaka kuzimia. Akasema tuungane, duka liwe moja, jina langu liandikwe pale juu pamoja na lake. Nikamwambia nitafikiria."

"Uliwahi kumwona akifanya kazi?"

"Nani? Miwani? Hakuna aliyewahi. Anapokea chombo hapa mbele, anapiga soga na mteja, chombo kinaingia nyuma ya pazia. Alisema akitazamwa mikono inamtetemeka. Kila fundi na wazimu wake."

Inspekta alivuta stuli akakaa. "Mtu akiniambia ameona mtangazaji wa habari kichwa chini kwenye televisheni hii, ni mwongo?"

Fundi Antena alikuwa anataka kucheka, ila alipoitazama ile televisheni kicheko kilimkauka. Alizunguka nyuma, akachungulia kwenye shingo ya kioo.

"Nani amelehemu hapa?"

"Nieleze kama unamweleza mtoto wa darasa la tatu."

"Sawa. Huku nyuma, ndani ya shingo, kuna kitu kinapashwa moto, kama waya wa balbu. Kikipata moto kinatema chembe za umeme, zinaitwa elektroni. Huzioni, ni ndogo mno. Huku mbele kwenye kioo kuna volti elfu ishirini na tano zinaziita. Basi zinakimbia kwa pamoja, mshale mmoja mwembamba, mpaka zigonge kioo kwa ndani. Pale pamepakwa unga maalumu. Ukigongwa, unawaka."

"Mshale mmoja unachora picha nzima?"

"Mmoja. Hii ni ya rangi, ipo mitatu, lakini inatembea pamoja, hesabu ni mmoja. Ukiachwa wenyewe utagonga katikati tu, utaona nukta. Ndiyo maana shingo imevishwa hizi." Aligusa mafungu ya waya wa shaba yaliyoizunguka shingo kama skafu. "Koili. Jozi mbili. Umeme ukipita humo, koili inageuka sumaku, na sumaku inausukuma mshale. Jozi hii inaupeleka kushoto na kulia. Hii nyingine inaupeleka juu na chini. Basi mshale unapita kama mtu anayesoma ukurasa, mstari wa kwanza, anarudi, mstari wa pili, mpaka chini, halafu juu tena. Mara hamsini kwa sekunde moja. Jicho haliukamati, linaona picha."

"Na mwanga mwingi au kidogo?"

"Karibu na pale panapotemwa kuna kizuizi, kazi yake kama koki ya bomba. Ukifungua, chembe nyingi zinapita, mwanga mkali. Ukibana, giza."

"Ehee. Sasa kichwa chini."

"Ukigeuza nyaya mbili za koili ya juu-na-chini, huu ukae pale na huu ukae hapa, sumaku inasukuma kinyume. Pa kwenda chini mshale unakwenda juu. Ukurasa unasomwa kuanzia chini." Alinyanyua kile kiplagi cheupe. "Na nyaya za hiki zimegeuzwa. Tena angalia alivyolehemu! Risasi ya kulehemu imemwagika kama uji. Mwanafunzi wa wiki moja hafanyi hivi. Halafu angalia hapa pembeni, maungio mengine yote ya chombo hikihiki." Alimwonyesha vitone vya risasi vidogo, vinavyong'aa, vyote sawa. "Hiyo ndiyo kazi ya Miwani ninayoijua."

"Kirudishe kiplagi, uwashe."

Fundi Antena alichomeka. Televisheni iliunguruma, ikanyamaza, kisha mwanga ukaja hafifu mno; Fundi alipapasa ndani kwa bisibisi, nao ukakolea. Mwanamke mmoja alikuwa anasoma hali ya hewa. Nywele zake zilikuwa chini na shingo yake ilikuwa juu.

"Mungu wangu," alisema Koplo. "Popo."

"Andika," alisema Inspekta. "Dada alisema kweli."

Kisha akamwambia Fundi Antena akichomoe tena. Fundi alinyoosha mkono kwanza kwenye bisibisi. Akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akaingiza bisibisi ndani kabisa, kwenye kifundo kidogo cha plastiki kilichojificha pembeni ya mtambo wa volti kubwa, akakizungusha. Picha ilififia. Ndipo alipochomoa kiplagi, na picha ikajikunja ikawa mstari mmoja, mwembamba, hafifu kama uzi mchafu.

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta. "Umefanya nini hapo?"

"Nimechomoa."

"Kabla ya kuchomoa."

"Aa! Nimepunguza mwanga. Koili ya juu-na-chini ikikatika, mshale hauna wa kuupandisha wala kuushusha, unakwenda kushoto na kulia tu palepale. Mwanga uliotakiwa kuenea kioo kizima wote unaangukia kwenye uzi mmoja. Ukiuacha mkali, unauunguza ule unga. Kioo kinapata kovu la maisha. Fundi akiuona ule mstari, mkono hauulizi, unapunguza. Ni kama wewe kuvuta mkono kwenye sufuria la moto."

"Na mkono wa kushoto nyuma ya mgongo?"

"Hapa pana umeme wa kuua. Mikono miwili ikishika huku na huku, umeme unapita katikati ya kifua. Basi tunafundishwa mkono mmoja kazini, mmoja nyuma. Hata sijui kama nafanya hivyo."

Inspekta aliizima televisheni mwenyewe, ukutani. Akatoa leso, akafuta vumbi la kioo polepole toka pembe hii hadi pembe ile, akapiga tochi kwa ubavu. Katikati ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo, ulikuwepo mstari wa rangi ya kahawia, umenyooka kama umepigwa rula.

Fundi Antena alishika kichwa. "Imeungua! Lakini... jana mteja aliukuta hafifu. Hafifu hauunguzi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ulikuwa mkali kwanza. Tena kwa muda."

"Muda gani?"

Hakuna aliyejua. Basi walitafuta kwenye rafu ya vyuma chakavu televisheni ya aina ileile, Fundi Antena akaikata koili, akaacha mwanga mkali, na Inspekta akashika saa. Walikaa watatu wakiutazama mstari mweupe uliokuwa unachoma macho. Dakika ya kumi walizima, wakafuta, hakuna kitu. Dakika ya kumi na nane, kivuli. Dakika ya ishirini na tano, walipoweka vioo viwili pamoja chini ya tochi, makovu yalikuwa sawa.

"Andika tena," alisema Inspekta. "Marehemu anasukumwa. Akianguka anashika cha kushika, anakamata nyaya, kiplagi kinachomoka. Mstari unawaka mkali, yeye yuko chini, hana wa kuupunguza. Dakika ishirini na tano. Halafu anaingia mtu. Anaiona maiti. Hapigi kelele, haiti mtu. Anaingiza bisibisi mahali ambapo mimi na wewe, Koplo, tusingepajua hata kwa ramani, anapunguza mwanga, anaondoka."

Koplo aliacha kuandika. Alimtazama Fundi Antena, na Fundi Antena alirudi nyuma mpaka akagonga kaunta.

"Nilikuwa juu ya bati! Waulizeni!"

"Wameshaulizwa," alisema Inspekta. "Watu kumi na mmoja. Kwenye bisibisi zipo alama za vidole za nusu ya mtaa, hazinisaidii. Kaa chini."

Alitoa simu akampigia daktari wa maiti. Aliuliza swali moja tu, na alipokuwa anasikiliza jibu, mkono wake mwingine ulitafuta ukingo wa kaunta ukaushika.

"Rudia, daktari. Nataka wenzangu wasikie." Akaweka simu katikati ya benchi.

Sauti ya daktari ilitoka nyembamba. "Nimesema macho yote mawili yana mtoto wa jicho, aliyekomaa kabisa, mweupe kama maziwa. Miaka mitano, sita, pengine zaidi. Mtu huyu aliona mwanga na vivuli. Sura ya mkewe asingeitambua bila sauti. Nilidhani mnajua."

Nje kinyozi alikuwa anapiga mluzi.

"Hapana," alisema Fundi Antena. "Hapana, hapana. Mwaka jana ameisuka upya koili ya ile televisheni kubwa ya hoteli. Waya mwembamba kama unywele! Mimi niliishindwa nikiwa na macho yangu mawili na darubini!"

"Hakuisuka yeye," alisema Inspekta. "Jana asubuhi alimuuliza dada yake, 'Unaona nini?' Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza. Zile nyaya zilizogeuzwa, ule uji wa risasi, ndiyo kazi yake mwenyewe. Ya peke yake, kwa kupapasa. Siku hiyo aliyekuwa akimfanyia hakumfanyia." Alisimama. "Koplo, nenda nyumbani kwa marehemu. Mwambie mjane tunamwomba aje atutambulie vifaa vya mumewe. Kwa heshima. Na wewe, fundi, chagua hapo televisheni moja nzima, iliyotengenezwa, inayosubiri mwenyewe."

"Ya nini?"

"Utaikata koili."

"Nzima? Utaiua!"

"Nitamnunulia mwenyewe nyingine."

*

Mjane aliingia saa tano na nusu, mtandio mweusi begani, macho yamevimba. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye vidole virefu kuliko umbo lake. Fundi Antena alimpa pole, naye akaitikia, "Tumeshapoa, shemeji." Inspekta alimpa kiti katikati ya duka. Mbele yake palikuwa na benchi, na juu yake televisheni iliyovuliwa ganda, imegeuzwa kidogo pembeni, kioo chake kinaonekana na mgongo wake unafikika.

"Mama, pole sana. Sitakuchosha. Hiki nini?"

"Bisibisi yake."

"Na hiki?"

"Sijui, baba. Mimi nilikuwa namletea chakula tu, na kumshikia taa. Hata balbu nyumbani sibadilishi."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Jikoni."

Inspekta alimwashiria Fundi Antena kwa kichwa. Fundi, uso umemwiva kwa uchungu, alivuta nyaya. Picha ilijikunja, na mstari mweupe ukakata kioo, mkali kama ncha ya jua.

Mjane aligeuka akautazama. Kisha akamtazama Inspekta.

"Marehemu alikuwa na maadui, mama?"

"Hakuwa nao."

"Mlikaa kwenye ndoa miaka mingapi?"

"Thelathini na... thelathini na mbili." Macho yake yalikwenda kwenye kioo yakarudi.

"Watoto?"

"Wawili. Wako mbali." Yalikwenda tena. "Baba, hiyo..."

"Usijali hiyo. Ni chombo tu. Wote wawili mmeshawaarifu?"

"Ndiyo. Wanakuja leo." Alikunja ncha ya mtandio, akaikunjua. Alisogea kwenye kiti. Dakika ya kwanza ilipita, ikapita ya pili. Inspekta aliuliza kuhusu mazishi, kuhusu majina ya shule za watoto, kuhusu maji ya bomba. Majibu yalizidi kuwa mafupi. Dakika ya nne mjane aliacha kujibu kabisa. Alikuwa anautazama mstari, na midomo yake inacheza.

"Mama?"

Alisimama. Alitembea mpaka nyuma ya televisheni, mkono wake wa kulia ukaokota bisibisi bila macho kuitafuta, mkono wa kushoto ukapanda wenyewe nyuma ya mgongo ukatulia kiunoni. Aliinama. Bisibisi iliingia katikati ya nyaya bila kugusa hata moja, ikapata kifundo, ikazunguka robo.

Mstari ulififia ukawa uzi.

Kalamu ya Koplo ilianguka na kubingirika mpaka chini ya kaunta. Hakuna aliyeifuata. Fundi Antena alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Kingeungua," alisema mjane, bado ameinama. "Cha watu."

"Mama," alisema Inspekta taratibu, "mkono wa kushoto umeuweka wapi?"

Aligeuza shingo akautafuta mkono wake, akaukuta nyuma ya mgongo. Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale.

"Nani alikufundisha kuuweka hapo?"

Aliirudisha bisibisi mahali pake, mpini upande wa ukuta. Kisha akakaa chini kabisa, sakafuni, siyo kwenye kiti.

"Yeye," alisema.

"Miaka mingapi imepita?"

"Kushika taa, kumi na mbili. Macho yake yalipoanza kufifia akaniambia, shika chuma, mimi nitakwambia. Baadaye sikuhitaji kuambiwa."

"Shemeji," alisema Fundi Antena, na sauti ilikuwa imemkatika. "Ile koili ya hoteli. Ni wewe?"

"Ni mimi. Siku nne, huko nyuma ya pazia."

"Nilimpigia saluti barabarani kwa ajili ya kazi ile. Mbele za watu."

"Niliona. Nilichungulia."

Inspekta alivuta stuli karibu. "Jana, mama."

"Nilikuwa nimegoma, baba. Miezi mitano. Nilimwambia, andika jina langu pale juu ya mlango. Dogo tu, chini ya lako. Akasema watu watacheka, watahamisha vyombo vyao. Jana nimekuja na uji wake nikamkuta ameilehemu mwenyewe ile ya mama mkwe, ameiharibu. Nikasema toka nikutengenezee. Akasema haina haja. Akasema anamleta huyu," alimwonyesha Fundi Antena kwa kidevu, "na jina la huyu ndilo litakaloandikwa. Nikamuuliza, na mimi? Akasema, 'Wewe ulikuwa unanishikia taa tu.'" Alivitazama vidole vyake. "Nilimsukuma. Sijawahi kumgusa mume wangu kwa ubaya. Alishika nyaya, zikamtoka."

"Ukaenda wapi?"

"Nyumbani. Niliosha vyombo. Nilisema atainuka, ataingia hapo mlangoni ananitukana. Nikarudi kumtazama. Nikamshika shingoni, hakuna kitu. Halafu nikaona kioo kinaungua." Alimwinulia Inspekta macho makavu, yaliyojaa mshangao, kama anayesimulia habari aliyoisikia sasa hivi. "Nilipunguza mwanga kabla sijalia, baba. Mtu mwenye akili timamu anafanya hivyo?"

Inspekta alivuta nyuma mkono wa shati. Alitazama saa.

"Wifi yako yuko selo tangu jana. Saa nane anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua."

"Nilijua mtamwachia. Hakufanya kitu, nikasema si watamwachia tu."

"Tulikuwa hatumwachii, mama."

Aliposikia hivyo ndipo alipopiga ukunga, mara moja tu, na kinyozi wa jirani akazima mashine yake.

*

Saa saba na nusu Inspekta alishuka ngazi za kituo akiwa na karatasi iliyosainiwa upya. Mlinzi alifungua selo ya wanawake. Gari la mahabusu lilikuwa limeshaegeshwa uani, mlango wa nyuma wazi, dereva anakula karanga.

"Inuka, dada. Unakwenda nyumbani."

Dada wa marehemu alijiinua kwa kushika ukuta. "Mmempata?"

"Ndiyo."

"Ni nani?"

Inspekta alifungua mdomo, lakini nyayo zilisikika nyuma yake. Kituo kilikuwa na selo moja tu ya wanawake. Koplo alikuwa anamleta mjane, amemshika mkono kama anayevusha mgonjwa barabara.

Dada aliona mtandio mweusi. "Wifi! Umekuja kunichukua? Umeona, wananiachia, nilikwambia jana..." Akaona jinsi Koplo alivyomshika. Akamtazama Inspekta. Akamtazama tena wifi yake, toka miguuni hadi usoni, na rangi yote ikamtoka usoni.

"Si kweli," alisema. "Wifi, waambie si kweli."

Mjane alitazama sakafu.

"Jana jioni ulikuja hapa. Uliniletea shuka. Ulinishika mkono kwenye nondo hizi, ukaniambia nijikaze."

"Nilikuja kusema," mjane alijibu. "Nikafika, nikakuona, nikashindwa."

Mlinzi alisubiri, ufunguo mkononi. Hata dereva uani aliacha kutafuna. Dada wa marehemu alirudi ndani ya selo. Akaliokota shuka pale sakafuni, akalikung'uta vumbi, akakunja mara mbili, akakunja mara nne, ncha kwa ncha kama anavyokunja nguo za wateja. Alimwekea wifi yake mikononi, akalibonyeza lisianguke. Kisha akampita, akapanda ngazi.

"Dada!" aliita Koplo, ameokota ndara zake mlangoni mwa selo. "Dada, viatu!"

Alikuwa ameshafika uani, miguu mitupu juu ya kokoto za moto, na hakugeuka.